Sanduku la Bati na Simfonia

Mhadhara wa wazi uliotolewa Katumba Songwe, wilayani Kyela

  

Sanduku hili la bati lililoko mezani lilikuwa la mjomba wangu, ambaye alifundisha kwaya hapa kwetu maisha yake yote. Alilihifadhi chini ya kitanda. Mwaka ule Mto Songwe ulipofurika usiku, maji yaliingia chumbani kabla watu hawajaamka, na sanduku likakaa majini siku mbili. Tulipolifungua, daftari zilikuwa zimegandana kama andazi. Shangazi alizitenganisha ukurasa kwa ukurasa, akazianika kwenye kichanja cha kokoa, nusu kokoa na nusu nota, na kila wingu lilipotokea alikimbilia kuzifunika zote pamoja.

Nilikuja kuzisoma zilipokauka. Mjomba alikuwa na mazoea mawili. Nyimbo alizozipenda sana alizinakili upya kwa kalamu ya wino wa buluu, mwandiko wa kupendeza, mistari imepigwa kwa rula. Zile alizokuwa bado anazifanyia kazi aliziacha kwa penseli. Wino wote ulikuwa umeyeyuka, kurasa zimebaki na rangi ya anga. Penseli haikuguswa. Kati ya nyimbo arobaini na kitu nilizozihesabu, zilizosomeka ni kumi na moja, na zote ni zile ambazo mwenyewe aliona hazijakamilika.

Nikafanya jambo ambalo yeyote kati yenu angelifanya. Niliwafuata wanakwaya wake wa zamani, nikawaomba waniimbie zile zilizofutika. Wakaimba, na wakaimba vizuri. Lakini wote waliimba sauti ya kwanza. Mama mmoja aliyekuwa akiimba sauti ya pili kwa miaka mingi aliufikia mstari wa tatu, akanyamaza, akasema, "Mwanangu, yangu niliisikia nikiwa katikati ya wenzangu. Peke yangu siioni." Kuhusu sauti ya tatu, hakuna aliyeweza kunipa hata kipande.

Nimeongoza kwaya, bendi za tarumbeta na okestra ndogo kwa miaka ishirini na saba, na hakuna mwalimu wa muziki aliyenifundisha zaidi ya mama yule. Kumbukumbu ya watu hushika sauti ya juu. Sauti za katikati hushikwa na karatasi. Nimekuja kuwazungumzia simfonia kwa sababu simfonia ni muziki ambao uhai wake uko katikati.

Kwa asiyeizoea, simfonia ni kazi ya okestra nzima, kwa kawaida yenye sehemu nne, na mara nyingi haina maneno. Watu sitini, themanini, pengine mia, kila mmoja na karatasi yake, na karatasi hiyo haielezi wimbo mzima. Mpiga klarineti wa pili akiipiga karatasi yake nyumbani, jirani atadhani bado anajifunza. Nota ndefu mbili, kimya cha mipigo kumi na miwili, nota tatu fupi, kimya tena. Mtu huyo amebeba tofali moja tu la ukuta.

Mwongozaji anafanya nini hapo? Watoto huniuliza sana swali hili, nami nalipenda, maana katika umati wote ule mimi ndiye pekee nisiyetoa sauti. Watu hudhani kazi iko katika mkono unaoshuka. Mkono unaoshuka umeshachelewa. Kazi iko katika mkono unaopanda, kabla ya nota. Hapo ndipo wapigaji wanavuta pumzi pamoja nawe, na katika pumzi ile moja wanajua mwendo utakuwa wa haraka au wa taratibu, sauti itakuwa ya ukali au ya upole. Simfonia ya Tano ya Beethoven, ile ambayo hata asiyejua muziki anautambua mwanzo wake, haianzi kwa nota. Inaanza kwa kimya kifupi sana, nusu ya pigo, halafu nota tatu fupi na moja ndefu. Waongozaji wengi wanauogopa mwanzo huo kuliko kitu chochote, maana ni lazima uwaonyeshe watu themanini kimya kilichokatwa sawasawa.

Beethoven aliitoa simfonia hiyo tarehe 22 Desemba 1808, Vienna, katika usiku mmoja na simfonia yake ya Sita. Tamasha lilichukua kama saa nne, ukumbi ulikuwa na baridi kali, mazoezi hayakutosha, na katika kazi ya mwisho okestra ilipotea njia hadi ikabidi wasimame na kuanza tena. Nawaambia hili vijana wa bendi ambao Jumapili iliyopita walikosea mbele ya watu wakataka kuacha. Kazi mbili kati ya kubwa kabisa duniani ziliingia duniani kwa namna hiyo.

Hiyo ya Sita ndiyo ningependa siku moja isikike hapa, mbele ya watu wanaoijua Songwe. Beethoven aliandika ndani yake kijito, ndege, wanakijiji wakicheza, kisha dhoruba. Sisi wa Kyela tunajua jinsi mvua kubwa inavyoanza: matone mawili kwenye bati, kimya, matone manne, halafu ngurumo ambayo huisikii kwa sikio bali kwa kifua. Hebu tazameni alivyoijenga. Katika simfonia nzima ngoma za timpani zinakaa kimya, zinaingia kwenye dhoruba peke yake. Filimbi ndogo kali nayo inangojea hapo hapo. Na chini kabisa amefanya kitu ambacho mwanafunzi angesahihishiwa kuwa ni kosa: selo zinapiga nota tano mahali ambapo besi zinapiga nne. Hazipatani, na wala hakutaka zipatane. Ule mvurugano ndio ngurumo ya mbali, na sikio halitambui nota hata moja, linasikia ardhi inatikisika. Dhoruba ikipita, wanabaki wachungaji wanaimba shukrani. Sijui msikilizaji wa Ulaya anawaza nini pale. Mimi nawaza asubuhi ya kurudi mashambani kutazama mpunga gani umesalimika.

Wapo watakaosema, mwalimu, huo ni muziki wa Wazungu, unatuhusu nini. Swali hilo ni la haki, na nitalijibu kwa tarumbeta, maana tarumbeta ndizo zilizopo hapa.

Mwaka 1891 wamisionari wa Moravian walifika nchi ya Wanyakyusa na kuanzisha kituo Rungwe, na mwaka huo huo wa Berlin nao wakaingia kwa upande wa ziwa. Miaka michache baadaye Wamoravian walikuwa Ipyana, hapa chini bondeni. Tunajua walileta Biblia, shule na nyimbo. Tunachosahau ni kwamba Kanisa la Moravian limetoka mahali ambapo vyombo vya shaba vilikuwa sehemu ya maisha ya kijiji. Herrnhut, kijiji cha Saxony kilichoanzishwa 1722, walikuwa na kikundi cha tromboni. Mtu akifariki, tromboni zilipigwa juu ya mnara wa kanisa, na watu wakajua kuna msiba kabla ya mjumbe kufika mlangoni. Alfajiri ya Pasaka walikwenda makaburini na tromboni zao kulipokea jua. Ninyi mliokwisha kusimama makaburini gizani, ukungu uko miguuni na tarumbeta zikianza, mnajua ninasema nini.

Na wapigaji hao hao walikuwa watu wa simfonia. Katika makazi yao ya Bethlehem, Pennsylvania, walianzisha kikundi cha kupiga muziki mwaka 1744, wakati msitu bado umewazunguka. Johann Friedrich Peter, mwalimu na mwanamuziki wao aliyefanya kazi Bethlehem na baadaye Salem, North Carolina, alizinakili kwa mkono simfonia za Haydn, karatasi baada ya karatasi, ili watu wa porini wapate kuzipiga. Basi tarumbeta ya Kyela na simfonia ya Haydn si wageni waliokutanishwa kwa nguvu na mtu kama mimi. Ni watoto wa nyumba moja waliokulia mbalimbali.

Upande wa pili wa damu yao uko hapa hapa ziwani. Katika Vita Kuu ya Kwanza, askari wa King's African Rifles walipita kandokando ya Ziwa Nyasa na bendi zao. Vijana wa mwambao walisikia, wakatamani, na shaba hawakuwa nayo. Wakachukua vibuyu, wakavitoboa, wakaziba tundu kwa utando wa buibui, wakapulizia humo sauti zao. Kibuyu kikubwa kikawa besi, kidogo kikawa tarumbeta. Ndiyo malipenga ya ng'ambo ya Songwe, Karonga na kwingineko Malawi, na mganda wa mwambao wetu wa kusini. Watu wengine hutazama vibuyu vile wakaona uigaji tu. Mimi naona wapangaji wa okestra. Kijana aliyetafuta kibuyu cha ukubwa fulani kwa ajili ya sauti fulani alikuwa anafanya kazi ile ile aliyokuwa anafanya Haydn alipoamua wapi aweke pembe na wapi aweke obo.

Na Haydn mwenyewe alikuwa mfanyakazi. Alimtumikia mtawala, Prince Nikolaus Esterházy, katika jumba lililo mbali Hungaria. Mwaka 1772 mtawala alikawia huko mno, na wanamuziki walikuwa wameacha wake zao mjini. Haydn hakuandika barua. Aliandika simfonia ambayo mwishoni kila mpigaji anamaliza sehemu yake, anazima mshumaa wake na kuondoka, hadi wanabaki wapiga violini wawili. Mtawala akaelewa. Safari ya kurudi ikafungwa mara moja. Nimeipiga sehemu hiyo ya mwisho na kikundi kidogo mbele ya wafanyakazi, na hakuna aliyehitaji tafsiri.

Kuhusu uvumilivu nitasema kwa kifupi, kwa ajili ya kijana wetu wa matoazi. Simfonia ya Tisa ya Dvořák, iliyopigwa mara ya kwanza New York, Desemba 1893, ina pigo moja tu la matoazi kwa muda wote wa dakika arobaini na kitu. Moja. Tena si la kishindo, ni la sauti ya wastani. Tuba nayo inapiga katika sehemu ya pili peke yake. Sehemu hiyo inafunguliwa na vyombo vya shaba kwa sauti ya chini sana, nota ndefu zinazotembea kama watu wanaoingia kwenye nyumba ya msiba. Niliwahi kuiandika upya mistari hiyo michache kwa ajili ya tarumbeta zetu, tukaipiga mazishini. Baadaye mzee mmoja aliniuliza ni wimbo namba ngapi kitabuni.

Hapo ndipo ninapofika kwenye jambo la hazina, yaani zile kazi ambazo okestra au bendi inazo na inaweza kuzipiga. Mwongozaji mchanga huchagua anachokipenda. Nami nilifanya hivyo, nikaumiza watu. Sasa naangalia kwanza nani wapo, wana vyombo gani, na hewa ikoje. Hewa ya Kyela ni nzito, na gundi ya violini hulegea kwa unyevu. Joto likizidi, shaba hupanda sauti huku nyuzi zikishuka, kwa hiyo saa nane mchana violini na tarumbeta haziwezi kukaa nyumba moja bila ugomvi. Ndiyo maana nasema hapa tuanze na shaba, sauti za watu na ngoma, na mazoezi yawe saa jua limepungua. Tukipata nyuzi, zikaribishwe. Zisipopatikana, tusijione pungufu.

Wenzetu wamefika mbali wakiwa na kidogo. Armand Diangienda wa Kinshasa alikuwa rubani aliyepoteza kazi. Ni mjukuu wa Simon Kimbangu, yule mhubiri aliyefungwa mwaka 1921 na kufia gerezani mwaka 1951 huko Lubumbashi, katika Kongo ya Waswahili. Mwaka 1994 Diangienda alianzisha okestra ya simfonia ya kanisa lao, akiwa na violini chache zilizopokezanwa kwa zamu. Uzi ukikatika walifunga waya wa breki ya baiskeli. Nota zilinakiliwa kwa mkono. Filamu iliyotolewa mwaka 2010 iliwaonyesha wakijiandaa kupiga Simfonia ya Tisa ya Beethoven jijini mwao, umeme ukikatika katikati ya mazoezi nao wakiendelea gizani. Karibu zaidi na sisi, Unguja wana Ikhwani Safaa tangu 1905, na violini, udi na ganuni za taarabu zimekaa pamoja muda mrefu kuliko okestra nyingi za dunia. Mtu asituambie kwamba kukaa wengi na kupiga pamoja kulihitaji ruhusa ya Vienna.

Hapa kwetu, wanaanthropolojia Godfrey na Monica Wilson waliishi na Wanyakyusa kati ya 1934 na 1938, na katika kitabu cha mwaka 1951 Monica aliandika kuhusu vijiji vya rika, jinsi wavulana walivyotoka kwa baba zao wakajenga kijiji chao wenyewe. Aliona kwamba kiini cha vijiji hivyo ni ukwangala, ile raha ya kukaa na wenzako, kuzungumza, kula pamoja na kujifunza adabu kwa kusikilizana. Wazee mnalijua neno hili kuliko mimi. Kwa miaka mingi nimetafuta neno la Kiswahili la kile ninachowadai wapigaji, na sijapata linalofika pale. Simwambii mpigaji wa tromboni ya pili apige kwa sauti zaidi. Namwambia akwangale na yule wa kwanza, na sauti inakaa mahali pake.

Sasa ing'oma, yaani ngoma zetu. Nimesikia hofu kwamba tukiziandika tutaziua. Hofu hiyo naiheshimu, na sehemu yake ni kweli: hakuna karatasi itakayoshika jinsi mpigaji mkubwa anavyoichelewesha ngoma kidogo tu kabla ya kuikamata, na mtu akijifunza kwa karatasi peke yake atacheza kama anayesoma risiti. Lakini mtazameni Justinian Tamusuza wa Uganda. Aliuchukua mwendo wa muziki wa Kiganda akauandikia vyombo vinne vya nyuzi, na sehemu ya kwanza ya kazi yake Mu Kkubo Ery'Omusaalaba ikarekodiwa na Kronos Quartet katika albamu ya 1992. Ngoma za Buganda hazikufa kwa sababu hiyo. Kilichotokea ni kwamba watu wasiojua Kampala iko wapi walilazimika kuhesabu kama Waganda wanavyohesabu.

Na tukumbuke kwamba kazi kubwa huponea chupuchupu. Schubert alifariki mwaka 1828 akiwa na miaka 31. Simfonia yake kubwa ya C ilibaki nyumbani kwa kaka yake Ferdinand, kati ya marundo ya karatasi, mpaka Robert Schumann alipopita Vienna akaomba kuonyeshwa yaliyopo. Akaipeleka Leipzig, na Machi 1839 Mendelssohn akaiongoza. Miaka kumi na zaidi baada ya mtunzi kuzikwa. Katika simfonia hiyo tromboni zinazungumza kwa upole ambao wengi hawakuwa wameusikia, zinanong'ona chini ya okestra nzima. Kila ninapofika pale namkumbuka Ferdinand. Hakuwa mtunzi mkubwa, na jina lake halimo kwenye matangazo ya matamasha. Alichofanya ni kutozitupa karatasi, na kufungua mlango mgeni alipobisha.

Sisi tulikuwa na daftari la mjomba, na tulichelewa. Katika zile kumi na moja nimeshazipanga nne kwa tarumbeta, sauti nne na ngoma mbili, na leo bendi itazipiga mbili mkimaliza kunivumilia. Katika wimbo wa pili mtasikia sauti ya tatu ikipanda juu ya ya pili mahali ambapo hamtarajii. Hiyo si yangu, msinipe sifa isiyonihusu. Ni ya mjomba, kwa penseli, pembeni mwa ukurasa amechora mshale na kuandika neno moja: "Jaribuni."

Ombi langu ni hili. Kila mwenye daftari la kwaya nyumbani, la baba, la shangazi, la mwalimu aliyehama, hata kama ni kurasa tatu zilizoliwa na mchwa, lilete Jumamosi saa kumi jioni hapa hapa. Halitachukuliwa, litanakiliwa mbele yako na utarudi nalo. Na ninyi mlioimba sauti ya pili na ya tatu, njooni wawili wawili au watatu watatu, msije mmoja mmoja, ili muweze kuzikumbuka mkiwa katikati ya wenzenu. Vijana sita wa bendi watakuwa na karatasi za kutosha. Wataandika kwa penseli.